Geji Iliyoanza Kusema Kweli

Lori letu lina umri ambao siutaji mbele ya askari wa barabarani. Nililikuta zee, na aliyetuuzia alisema naye alilikuta hivyo hivyo. Ni la dizeli, bodi ya mbao, na rangi yake ya asili imebaki ndani ya milango tu. Kwenye karatasi ni mali yangu na dada yangu. Anayeliendesha ni shemeji, mume wa dada, na hakuna mtu mwingine ambaye lori lile humsikiliza.

Kwa miaka mingi geji yake ya mafuta ilisema pungufu kwa robo tenki. Tenki likijaa, mshale ulisimama robo tatu. Likiwa nusu, ulisimama robo. Mshale ukilala kabisa kwenye sifuri, kama mzee aliyeshiba ubwabwa, ndani kulikuwa bado na robo nzima ya dizeli. Shemeji alikuwa na kauli yake kuhusu jambo hilo, aliyoirudia kuliko salamu: "Ukilala hapo, una Ruangwa na kurudi." Na ilikuwa hivyo. Ulitoka Nachingwea mshale umelala, ukafika Ruangwa, ukashusha mzigo, ukarudi, na gari halikuzimika. Nadhani nusu ya korosho za wilaya mbili zimesafirishwa na mshale uliolala.

Mwaka jana geji ikaanza uhuni. Shemeji alishikwa na malaria, akalala wiki nzima, nikashika usukani mimi. Siku ya kwanza nilikwenda kuchukua ufuta Kiegei. Wakati wa kurudi geji ilionyesha nusu. Nikapita korongo la kwanza, ikaonyesha imejaa, nikafurahi. Korongo la pili, sifuri. Mpaka naingia Nachingwea tenki lilikuwa limejaa na kukauka mara tisa, na sikuwa nimeona kituo cha mafuta hata kimoja. Ilibidi nisimame kila baada ya vijiji viwili nichomeke ufito kwenye tenki na kuutazama kwenye mwanga, kama mganga.

Nilimwendea shemeji kitandani.

"Shemeji, ile geji unaisomaje?"

"Huisomi," akasema, blanketi hadi kidevuni. "Unaizoea."

"Na ukifa?"

"Basi mtatembea kwa miguu."

Nikaamua kuitengeneza kabla hajapona vizuri, asije akanizuia.

Fundi umeme wa magari pale mjini hakuigusa geji kabisa. Aliingia chini ya lori, akachomoa waya unaotoka kwenye tenki, akaugusisha kwenye chasisi. Mshale kwenye dashibodi ukapanda hadi mwisho bila kutetemeka. Akaurudisha, ukaanza tena kucheza. "Geji yako nzima," akasema. "Anayekudanganya yuko ndani ya tenki." Alimaanisha kile kifaa chenye boya: boya linaelea juu ya mafuta, limefungwa kwenye mkono mwembamba wa chuma, na mafuta yakishuka mkono unashuka nalo, ukiteleza juu ya waya uliosokotwa. Mahali mkono unapogusa ndipo geji inapojua ionyeshe nini.

Kifaa hicho nilikuwa ninakifahamu. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa baba wa watoto wawili, kwa masomo ya jioni, na mwalimu wetu wa fizikia alikichora ubaoni kikiwa na waya wake na mkono wake unaoteleza. Mwenzangu wa dawati, muuza samaki wakavu, aliuliza kitu hicho kinapatikana wapi. Mwalimu akasema kinapatikana kwenye mtihani. Basi kumbe nilikuwa nimekaa juu yake miaka yote, nikibeba ufuta.

Nilipata kipya kwenye duka la vipuri, baada ya kupekua maboksi mengi kiasi kwamba muuzaji alianza kunituma nimpokelee wateja wengine. Jumamosi asubuhi tukaliegesha lori nyuma ya nyumba. Shemeji alikuwa amepona, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama.

Kwanza nilisugua juu ya tenki kwa brashi na kitambaa, maana vumbi la barabara zetu likiingia kwenye dizeli linaishia kwenye pampu. Kifuniko cha kifaa kilishikwa na skrubu tano. Nne zilitoka kiungwana. Ya tano ilikuwa na kutu ya enzi za mashamba ya karanga ya Mwingereza, na kuitoa kulichukua muda ambao mtu angeweza kupanda mihogo na kuivuna. Nilipofungua, harufu ya dizeli ikapanda, nikakivuta kifaa taratibu, nikikiinamisha upande ili boya lipite kwenye tundu.

Tukakiona wote wawili. Waya ulikuwa umelika katikati, pale mkono ulipopapasa miaka yote. Kilichonishangaza ni mkono wenyewe. Ulikuwa umepindwa kwa koleo, mara mbili, na mtu asiyejulikana. Kifaa kile kilitoka kwenye gari jingine, na mtu fulani zamani alikipinda ili kiingie kwenye tenki letu. Ile robo iliyokuwa ikipungua ilitoka kwenye ile kona.

"Kwa hiyo haikuwa inakosea," shemeji akasema. "Ilikuwa inasoma tenki la watu wengine."

Kabla ya kufunga kipya niliunganisha nyaya kwanza, nikakishika mkononi, shemeji akaingia kabini.

"Inasemaje?"

"Sifuri."

Nikainua boya kidogo. "Sasa?"

"Robo."

Nikainua tena. "Sasa?"

"Nusu. Inakwenda vizuri."

Nikalipandisha hadi juu. "Na sasa?"

"Imejaa. Ila mimi ninajua haijajaa, umeshika boya wewe."

Nikaweka gasketi mpya ya kuzuia mafuta yasivuje, nikafunga skrubu kwa kuruka ruka, hii na ya mkabala wake, ili kifuniko kikae sawa. Tukaenda kujaza. Mshale ukapanda taratibu, ukapita robo tatu, mahali ambapo haukuwahi kupita, ukasimama juu kabisa. Shemeji aliutazama kama anayemtazama mkwe aliyekuja bila taarifa.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za safari fupi, tenki liko juu juu, hakuna aliyepata tatizo lolote.

Ndipo akaja mzee mmoja mfugaji, anayeishi jirani na Kiegei. Familia yake ilitoka kanda ya ziwa na ng'ombe wake misimu michache iliyopita, na watu wa kwetu bado wanawaita wageni, ingawa watoto wao wanatukana Kimwera vizuri kuliko wangu. Alitaka kusafirisha ng'ombe kumi na wawili kwenda kwa wafugaji wenzake upande wa Namungo, ng'ombe wa mahari ya mwanawe. Akatueleza sharti. Kwao ng'ombe wa mahari hukaguliwa na kuhesabiwa jua likiwepo. Likizama, hakuna kuhesabu, kila mtu anarudi kwake. Na siku ilikuwa hiyo hiyo moja, kwa sababu mjomba wa binti, ambaye ndiye mpokeaji, alikuwa amekuja kutoka Mwanza na kesho yake alfajiri alikuwa na tiketi ya basi. Tarehe ilishaahirishwa mara moja. "Ikiahirishwa ya pili," mzee akasema, "watasema hatumtaki binti yao."

Siku yenyewe tukapakia mchana. Mzee na ndugu zake wawili wakapanda nyuma, wakasimama na ng'ombe wao. Tulipopita Nachingwea mjini, kituo cha mafuta kikiwa mkono wa kushoto, niliuona mshale umelala.

"Shemeji, umelala," nikasema.

"Si unajua. Ukilala hapo, una Ruangwa na kurudi."

Na mimi, niliyezikaza zile skrubu kwa mikono hii, niliyechora kifaa kile kwenye mtihani na kupata alama, nikaitikia kwa kichwa na kusema, "Kweli." Nikaegemea dirisha. Hatukuwa walevi wala hatukuwa na usingizi. Kauli ile tulikuwa tumeishi nayo muda mrefu mno, na geji mpya haikuwa imepata nafasi ya kutuambia kitu kingine.

Tulivuka Ruangwa mjini kwa mabaki ya chini ya tenki, bila kujua, tukipiga hadithi. Mbele kidogo, kwenye mwinuko, injini ikakohoa, ikavuta pumzi, ikanyamaza. Shemeji akavuta breki ya mkono, akashuka, akagonga tenki kwa vifundo vya vidole. Likalia kama ngoma. Akagonga tena chini zaidi, likalia vile vile. Akabaki ameshika tenki.

"Imesema kweli," akasema.

Mzee mfugaji akachungulia kutoka juu ya bodi. "Kuna nini, vijana wangu?"

"Mafuta yameisha, mzee."

"Hamna kipimo?"

"Kipo."

"Kibovu?"

"Kizima. Tumeweka kipya juzi juzi."

Mzee akafikiri. "Kilisema yapo?"

"Kilisema hayapo," shemeji akajibu.

Mzee akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akalitazama jua. Lilikuwa limeshaanza kushuka. Kurudi mjini kwa bodaboda kuleta dizeli kulikuwa kazi ndogo. Lakini injini ya dizeli ikiishiwa inavuta upepo kwenye mabomba, na upepo huo lazima utolewe kwa mkono, nati moja moja, mpaka mafuta safi yatoke. Kwa lori letu kazi hiyo hufanywa kwa maombi. Shemeji akamwambia mzee bila kuzunguka: hata tukiharakisha vipi, jua litatutangulia.

"Wangekuwa chini," mzee akasema, "wangetembea. Si mbali tena. Lakini nitawashushaje? Wakiruka kutoka juu huko watavunjika miguu, na mjomba mtu anaanzia miguuni."

Nyuma yetu, chini ya mwinuko, upande wa kushoto, kulikuwa na tuta la udongo lililobaki walipochonga barabara, kimo chake karibu sawa na sakafu ya bodi. Shemeji alilitazama muda mrefu. Akaniambia niokote mawe mawili makubwa, nitembee pembeni ya tairi la nyuma. Akapanda. Akaliachia lori, limejaa ng'ombe, injini imezimika, usukani mzito kama umejengewa saruji, breki haina nguvu ya kuisaidia. Likarudi nyuma hatua moja. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, amesimama kabisa kwenye pedali. Likasimama. Akaliachia tena. Hakuangalia kioo, kimepasuka, alikuwa amening'inia nusu mwili nje ya mlango. Ng'ombe walihama upande mmoja, mbao zikalia, ndugu za mzee wakaimba kitu kwa sauti ya chini na ng'ombe wakatulia. Mara sita au sitini, sikumbuki, likashuka na kusimama, mpaka ubao wa nyuma ukagusa tuta kama mtu anayebisha hodi. Nikasukumia mawe.

Ng'ombe walitoka mmoja mmoja, wakakanyaga tuta, wakashuka upande wa pili wakila majani. Hakuna aliyechubuka.

Shemeji akasimamisha bodaboda, akapanda na dumu. Mzee akaniomba nitangulie mbele ya ng'ombe, nipungie magari. Nikavua shati langu jekundu, nikatembea na fulana, nikipunga kama refa aliyeonewa. Nyuma yangu ndugu zake walipiga miluzi mifupi, na ng'ombe wakanifuata kwa mwendo ambao mimi ndiye niliyetokwa jasho.

Tulipofika bomani kwa wakwe, kivuli changu kilikuwa kirefu kuliko mnara wa simu. Watu walikuwa wamesimama tayari kutawanyika. Mjomba mtu, mrefu, koti juu ya mgolole, akaja mbele.

"Tuliambiwa mnakuja na gari."

"Gari lipo nyuma," mzee akasema. "Nimewashusha ili muwaone wakitembea."

Mjomba mtu akaanza na wa kwanza. Akazunguka kila ng'ombe, akainama kuangalia kwato, akashika nundu, akavuta ngozi ya shingo. Nilihesabu naye kimya kimya. Kwenye wa saba alisimama, akamtazama mguu wa nyuma, akamsukuma atembee, ng'ombe akatembea. Akaendelea. Jua lilikuwa limegusa miti. Kwenye wa kumi na mbili akanyoosha mgongo, akasema neno moja kwa lugha yao, na wanawake waliokuwa mlangoni wakapiga vigelegele. Mzee wetu akavua kofia, akajifuta uso, akaivaa tena.

Lori lilifika baadaye kidogo, likitoa moshi mweusi. Shemeji hakuja kwenye uwanja. Aliegesha nyuma ya zizi, akabaki kabini, mikono ina dizeli hadi viwikoni. Nilimpelekea sahani ya nyama na ugali pamoja na maji ya kunawa.

"Wamewahi kuhesabiwa?" akauliza.

"Wamewahi."

"Wote?"

"Wote."

Akashuka, akanawa mikono polepole, akaanza kula.