Masaa ya Ndege, Kwenda na Kurudi

Enzi zetu, sisi watoto wa Masisi, njia ilipimwa na magoti. Ninyi tuliosoma pamoja munakumbuka: kwenda Walikale ni kushuka siku tatu, kurudi ni kupanda siku ine. Nilienda mara mbili na Papa, baba yangu, tukipeleka siagi ya ngombe zetu kwa watu wa pori na kuleta mawese. Kushuka tuliimba, na samaki ya moshi ilinukia toka mbali. Kupanda, nani aliimba? Papa alisema tu, "Funga mudomo, pumzi iko ya miguu."

Basi ikafika concours, mutihani wa kuingia mu école ya monitrices, shule ya walimu wanawake. Nafasi ilikuwa moja, tukabaki wasichana wawili, mimi na Feza. Haya ilinikamata toka mulangoni. Sauti ilitoka kama ya kifaranga. Padri mukaguzi akauliza: ndege inatoka Stanleyville kwenda Léopoldville, kilometa elfu moja mia mbili, inaruka kilometa mia tatu kwa saa. Inatumia muda gani?

"Masaa ine, Mon Père."

"Muzuri. Na kurudi?"

Swali la bure namna hiyo. Feza angejibu hata usingizini. Mimi, kichwa ngumu, nikaanza kufikiri: muto inatoka Stanleyville, inashuka Léopoldville, basi Stanleyville njo iko juu.

"Masaa tano. Ao sita."

"Sababu gani?"

"Kurudi iko kupanda."

Alicheka mpaka akavua miwani. Feza akachukua nafasi, mimi nikarudilia mwaka muzima, na watoto wadogo wakaniita Avion, ndege kwa Kifaransa, kila nikienda kisimani. Nikamwambia Papa nikilia. Unafikiri alikasirika? "Ulijibu muzuri," akasema, akiendelea kukamua ngombe. "Huyo padri alipandaka wapi na miguu yake? Wanamubebaka mu kipoyi, kiti cha ku mabega ya watu." Sasa muzazi kama huyo utamufanya nini?

Mwaka uliofuata waliniuliza tena ndege. Masaa ine, masaa ine. Sikufikiri hata kidogo, nikapita.

Watoto wa leo wananichokesha. Wanapanda lori, wanatapika kwa kona ya kwanza, wanaita ile safari. Nyimbo ya kushukia Walikale hawaijui hata moja. Jana nilimuuliza mudogo wangu Furaha: kwa miguu, toka hapa mpaka Walikale na kurudi, ni siku ngapi? Mulima imesimama nyuma ya nyumba yetu, hakuiangalia.

"Dada, unipe kilometa. Na mwendo wa siku moja."

Nikamupa. Akaandika kidogo kwa ardoise, kibao chake cha masomo, akanionyesha: kwenda siku tatu na nusu, kurudi siku tatu na nusu.

Nikafungua mudomo nimwambie juu ya magoti, juu ya pumzi, juu ya ile siku ya ine tulipokuwa tunavutana mukono na Papa. Lakini concours yake iko kesho kutwa.

"Iko muzuri, Furaha," nikasema. "Ujibu vile vile."