Hakika ya Mwalimu Pyo

Nilichokiona kwanza kwa Mwalimu Pyo Gyeong-sun ni kwamba aliinama hata alipozungumza kwenye simu. Nilikuwa nimeajiriwa juzi tu katika shule ile ya masomo ya jioni, hapa Daegu, nikadhani anaongea na waziri. Kumbe alikuwa anaagiza tambi.

Alifundisha maneno ya Kiingereza ya kukisia. Darasani alikuwa mkali: "maybe" hukaa mwanzoni mwa sentensi, "probably" hutangulia kitenzi, na "certainly" ni la mwenye uhakika tu. Lakini mbele ya wakubwa, alilolijua kabisa alilifunika kwa labda. Kwetu, kumpa mkubwa jibu kavu ni kama kumsukuma kifuani.

"Labda mvua inanyesha, Mkuu," alimwambia Mkuu Tak siku moja, mwavuli wake ukichuruzika maji.

"Na mumeo je? Labda alikukimbia, au ni hakika?" Tak akauliza, na chumba kizima cha walimu kikacheka.

Ikakaribia siku ya akina mama wa wanafunzi kuketi nyuma ya darasa na kuamua ni mwalimu gani abaki. Tak akamwonya: "Ukitamka labda mbele yao, fungasha. Na hakuna shule itakayomchukua mama wa umri wako."

Siku hiyo alisimama mama yake Ha-ram, mwanafunzi mvivu kuliko wote. "Mwalimu, mwanangu atapata daraja la kwanza kwenye mtihani?"

Mwalimu Pyo alimtazama Tak. "Atapata. Kwa hakika."

Tak akapiga makofi. "Mmesikia wenyewe! Asipopata, Mwalimu Pyo ataondoka kwa hiari yake."

Tangu hapo Ha-ram hakugusa kitabu.

"Mwalimu, nikijibu mtihani nimefumba macho, utalia?"

"Jibu vizuri, mwanangu. Nakuomba."

"Ngoja nifikirie. Ninunulie kuku wa kukaanga kwanza."

Akanunuliwa. Akawaita wenzake waje kuona mwalimu akimmiminia soda kwa mikono miwili, kama mtoto anavyomhudumia mkubwa.

Mtihani umepita. Ha-ram amewaambia wenzake kwamba alilala nusu ya muda. Kwa Mwalimu Pyo ameapa kwamba alijibu yote. Jana Tak alimleta mwalimu kijana aijaribu meza ya Mwalimu Pyo ya dirishani, huku mwenyewe amekaa palepale akisahihisha.

Matokeo yanabandikwa Ijumaa. Walimu wamekwisha kukubaliana kuwahi ubaoni, wapate kuuona uso wake. Naye kila siku hutangulia kufika, akamwuliza mlinzi, akiwa ameinama, kama hayajaletwa mapema.