Mlima Ambao Baba Hakuuona

Miaka ile kampuni ya serikali ilitupa kila kitu: nyumba, unga, na furaha ya kuimba sifa za chama kabla ya kazi. Siku moja ikamteua baba, fundi wa tanuru ya shaba, kuwa mfanyakazi wa mfano. Zawadi yake ilikuwa safari ya mlima Ruwenzori, kutazama theluji ya taifa ndani ya hifadhi ya taifa. Nyongeza ya mshahara ingekuwa jambo la kishamba.

Wenzake walimwazima koti la tanuru, lile zito la kukinga moto, maana walisema kinachoweza moto hakishindwi na baridi. Akaondoka Likasi jasho likimtiririka.

Alirudi bila kuona theluji. Mlima ulijifunika mawingu tangu alipofika hadi alipoondoka. Walinzi wa hifadhi walimweleza kwamba umehifadhiwa, nami naamini, kwa kuwa hata mgeni rasmi hakuruhusiwa kuuona.

Shida ni kwamba Jumamosi, baada ya salongo, yaani ile hiari ya lazima ya kufagia mitaa, alitakiwa kuisimulia kambi nzima ya wafanyakazi uzuri wa theluji. Na nyumba yetu ilikuwa ya kampuni. Aliyeitia kampuni aibu alionyeshwa mlango.

"Papa, sema tu uliona," mama alimsihi. "Neige, ile theluji, iko mweupe. Mweupe unajua!"

"Miye niliona mawingu."

"Nayo iko mweupe!"

Jumamosi baba akapanda juu ya meza. "Niliona mawingu," akasema.

Mama alifumba macho. Lakini mkuu wa kambi hakupewa cheo chake bure.

"Citoyens, bananchi, munasikia? Mulima yetu iko murefu mpaka mawingu inaifunika!"

Makofi yakalipuka. Tumepona! Nilimpenda mkuu yule kwa moyo wote. Kilichobaki ni baba kushuka mezani, na mtu mwenye akili zake angeshuka.

"Na batu ba kule chini ya mulima," baba akaendelea, "banakatazwa kuokota kuni ya kupika bukari, ugali yao. Hata ile kavu."

Makofi yakakatika. Mama hakungoja hotuba ya kujibu. Alikwenda nyumbani kufunga masufuria.

Tukahamia Kakontwe, baba akawa anavunja mawe ya chokaa. Majirani wapya walipomuuliza mama mumewe alikosa nini, alijibu kwa hasira, na kwa majivuno ambayo hakuweza kuyaficha:

"Bwana yangu? Balimutuma kutazama, akatazama."