Mgeni wa Mzee Walter

Sikuambii niliyosimuliwa. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, kule Columbia, Maryland, nilipokuwa namhudumia mzee mmoja wa Kimarekani nyumbani kwake. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilikuwepo.

Mzee Walter, ndivyo nilivyomwita, alikuwa na miaka themanini na kitu. Jambo moja tu lilikuwa limemkaa moyoni: kumtafuta mama wa babu yake, Hannah, aliyeondoka peke yake na mtoto mgongoni kutoka kijiji cha wafuga kondoo huko Uingereza. Aliondoka kwa nini? Kaburi lake liko wapi? Hakuna aliyejua. Mikono ya mzee ilitetemeka, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwandikia barua kwa wachungaji wa makanisa ya huko.

Siku moja theluji imejaa, mzee amelala baada ya kula, nami niko kwenye simu na dada yangu wa Moshi, tunachagua vitambaa vya harusi. Kadi ya simu ilikuwa inakaribia kuisha. Mlango ukagongwa. Nikafungua, nikamwona mama mfupi, gauni la sufu hadi vifundoni, limelowa chapachapa. Kiingereza chake kilikuwa kigeni masikioni mwangu.

"Walter yupo? Nasikia ananitafuta."

Nikadhani ni ndugu yake. "Amelala, mama. Njoo kesho."

"Nimetoka mbali. Kesho sitaweza."

Nikamwambia pole, nikafunga. Dada alikuwa ananisubiri.

Nilipochungulia baadaye, theluji mbele ya mlango ilikuwa laini, haina hata unyayo mmoja. Nikajitia kusahau. Mzee sikumwambia.

Wiki tatu hazijapita, ikaja bahasha kutoka Uingereza, ndani mna picha ya Hannah. Niliitazama mara mbili, niamini. Ni yule yule mama wa mlangoni.

Nikamweleza mzee. Akauliza taratibu, "Mbona hukuniamsha?"

"Nilikuonea huruma. Ulikuwa umechoka."

Akanishika mkono, akanishukuru. Alinishukuru kwa ajili ya uongo wangu, na mimi nikazipokea shukrani zake.

Tangu hapo akataka kiti chake kikae karibu na mlango, na mchana hakulala tena. Alifariki mwezi wa tatu, na ukweli wa ile simu sikuwahi kumwambia. Miaka imepita, bado namwona pale kitini, amevaa shati safi, anasikiliza.

Nawe unayetunza wazee wa watu, nisikie: akija mtu kumwulizia mzee wako, hata kama humjui, mwamshe. Aamue mwenyewe kama amechoka.