Meseji Ambayo Kempi Haikuiamini

Kipkirui aliingia ofisini saa mbili na nusu asubuhi akiwa na chupa ya soda iliyojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Aliiweka juu ya meza ya Jepkorir, katikati ya karatasi zake, wala hakusalimia.

"Haya yametoka chini ya ukuta wa bwawa," alisema. "Jana yalikuwa yanatoka safi. Leo yanatoka na udongo."

Jepkorir alimuuliza tofauti ni nini. Kipkirui alikuwa amelinda bwawa la shamba hilo la maua, nje ya Naivasha, kwa miaka kumi na tisa, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Yakitoka safi, ukuta unavuja. Yakitoka na udongo, ukuta unaliwa ndani."

Mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na moja mfululizo. Bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na chini yake palikuwa na kempi ya wafanyakazi: nyumba arobaini na sita za mabati, watu karibu mia mbili pamoja na watoto. Jepkorir aliichukua ile chupa, akaipeleka kwa meneja.

Yeye hakuwa injinia. Alizaliwa Olenguruone, kwa watu wa viazi na ng'ombe, akasomea mambo ya mawasiliano Nakuru, na kazi yake shambani ilikuwa kuandika: ilani za ukutani, matangazo ya mikutano, na meseji zinazoingia kwenye simu za wafanyakazi wote kwa mpigo. Mwaka uliotangulia kampuni ilimpeleka semina ya siku mbili kuhusu sayansi ya tabia. Huko alifunzwa kwamba mtu huumia zaidi anapopoteza alicho nacho kuliko anavyofurahi kupata kipya. Kwamba kabla ya kuamua humtazama jirani. Kwamba akiona muda unaisha, hukimbia. Alirudi na daftari limejaa, akaanza kazi. "Mwisho ni leo saa sita!" aliandika kuhusu sare mpya. "Wenzako tisa kati ya kumi wamejiandikisha, umebaki wewe," aliandika kuhusu kupimwa macho, ingawa hakuna aliyekuwa amehesabu. Watu walikuja mbio. Meneja alimsifu mbele ya masupavaiza wote. Lakini sare ziliendelea kutolewa wiki nzima baada ya huo mwisho, na watu wana macho.

Meneja huyo, Praful, alikuwa mtu makini aliyeogopa sana kukosea. Aliigeuzageuza chupa, kisha akampigia simu injinia wa mabwawa aliyekuwa Nakuru.

"Fungueni mlango wa kutolea maji, na watu watoke huko chini," injinia alisema. "Mimi nitafika saa tisa."

"Ni lazima watoke? Nikifunga kazi bure..."

"Boss, mimi siko hapo nione. Watoe."

Praful alikata simu, akamwagiza Kipkirui akafungue mlango wa maji, kisha akamgeukia Jepkorir. "Andika. Lakini usiwatie watu wasiwasi."

Jepkorir aliandika: "HATARI! Wakazi wa kempi ya chini, hameni SASA. Msichelewe." Saa tatu na dakika arobaini meseji ikaondoka. Majibu yalikuwa matatu tu. La kwanza lilisema "Ok." La pili liliuliza, "Hii sasa ni ya ngapi?" La tatu lilikuwa vikatuni vya kucheka, vingi, vimepangwa mstari.

Aliteremka kempi kwa miguu. Alikuta nguo zikianikwa, maharagwe jikoni, redio. Juu ya mapaa ule ukuta ulionekana umetulia, umeota nyasi, kama kilima tu, na nani hukimbia kilima? Mwanamke mmoja aliyekuwa akikamua blanketi alimwona akaita, "Madam! Mwisho ni leo saa sita?" Wenzake wakaangua kicheko.

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Bwawa alikuwa akiliogopa tangu asubuhi. Sasa alielewa kwamba neno pekee ambalo lingewaokoa watu hawa alikuwa amekwisha kulitumia, kwa sare na kupimwa macho, na halikubaki na kitu ndani yake.

Alikwenda nyumba namba tatu, kwa Wasike. Wasike alikuwa mnyunyizaji dawa na mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha kempi. Akitoa kauli, watu husikia.

"Madam, wewe ulituambia ukumbi umejaa, tukaenda tukakuta viti vitupu," Wasike alisema bila kuinuka. "Leo unataka nihamishe familia?"

"Nilidanganya," Jepkorir alisema. "Ile ya ukumbi, ya sare, ya macho. Zote nilizitia chumvi ndio mje. Usiniamini. Twende ukaone kwa macho yako."

Walipanda hadi chini ya ukuta, Kipkirui alipokuwa amesimama. Shimo la maji, ambalo asubuhi lilikuwa la kupitisha kidole, sasa lilikuwa la kupitisha ngumi, na lilikuwa likitapika matope. Chini ya viatu vyao ardhi ilitikisika kidogo, kama meza iliyowekewa mashine. Wasike alivua kofia.

Wakiteremka alisema atapiga kelele, awaambie watu wakimbie. Jepkorir alimshika mkono.

"Wakikusikia watabishana kwanza. Toa godoro lako. Mke wako alibebe kichwani apite katikati ya kempi, mchana huu, wamwone. Wakiuliza, waambie jambo moja tu: lori la shamba liko geti la juu, linapeleka watu shuleni mlimani, beba watoto, kitambulisho na dawa."

Mke wa Wasike alipita na godoro, watoto watatu nyuma yake na sufuria zao. Kwanza watu walitazama. Kisha mlango wa pili ukafunguliwa, wa tano, wa tisa. Yule mwanamke wa blanketi alilikunja likiwa bado linachuruzika. Praful mwenyewe alishuka na gari lake dogo akaanza kubeba wazee, shati limelowa jasho, na kila mara alimwuliza Jepkorir, "Wangapi? Wangapi wamebaki?"

Saa saba na nusu, uwanjani pa shule, Jepkorir aliita majina nyumba kwa nyumba. Namba kumi na nne haikuitika. Mtu akasema, "Si ni kwa Kimberly? Alikuwa zamu ya usiku. Huyo hulala kama gogo."

Jepkorir mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya. Alisema hakwenda mara moja. Alisimama na orodha mkononi, akajiambia kwamba pengine Kimberly ameenda mjini, na alijua anajiambia hivyo kwa sababu gani. Dakika nzima ilipita. Wasike ndiye aliyetangulia kukimbia. Yeye alimfuata kwa sababu aibu ilizidi woga, kidogo tu.

Waliupiga mlango kwa jiwe hadi komeo likang'oka. Kimberly aliamka akipiga mayowe, akidhani ni wezi. Walimburuta nje na kanga yake, yeye akivuta kurudi ndani, Wasike akivuta kwenda juu. Walikuwa wamevuka geti waliposikia sauti, nzito na ya chini, kama lori linalomwaga kokoto. Jepkorir hakugeuka. Aliona nyuso za watu mlimani zikibadilika, na hilo lilimtosha.

Nyumba ishirini na nane zilikwenda. Kuku, mbuzi, pikipiki mbili. Hakufa mtu. Injinia alifika saa tisa kama alivyoahidi, akasimama mbele ya uwanja wa matope, akakaa juu ya jiwe.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano, na Jepkorir aliomba kusema. Alitaja meseji moja moja, hii ilikuwa kweli, hii haikuwa. Wengine walipiga makofi. Wengine walikasirika, na mzee mmoja alisema, "Kwa hivyo mlikuwa mnatuchezea kama watoto." Praful aliagiza kwamba kuanzia siku hiyo, ilani yoyote inayotaja mwisho wa muda lazima iwe na sahihi yake. Jepkorir bado anafanya kazi huko. Mvua ikinyesha, hata ya kawaida, hawezi kuandika.

Kimberly hamsalimii. Siku moja walikutana sokoni Naivasha, Jepkorir akasimama, akangoja.

"Kulikuwa na cherehani mle ndani," Kimberly alimwambia. "Ya marehemu mama yangu. Ilikuwa pale tu mlangoni, na hamkuniacha niichukue."

Jepkorir alitaka kumwambia habari ya ile dakika moja uwanjani, ambayo ingetosha kuitoa cherehani. Akashindwa. Alimsaidia kubeba gunia lake la makaa hadi stendi.