Mguu wa Kaka Mchomeleaji

Wenzake kwenye chumba cha kufulia cha hoteli walimwita Bi Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alikuwa mpiga pasi. Ukimpelekea shida yako atanyamaza, atafikiri, kisha atakwambia la kufanya, mkono ukiendelea na shuka.

Kaka yake, mchomeleaji wa mageti, alikuwa moto wa kuotea mbali. Daktari alipomwambia sukari imeharibu kidole cha mguu na lazima kikatwe, alivaa kandambili akatoka.

"Nimekuja na vidole kumi, naondoka na kumi!"

"Kaka, ni kidole tu. Ukichelewa watakata zaidi."

"Unaongea kama mashine. Ungekuwa mguu wako?"

Kila akitoka kazini Bi Taratibu alimsafisha kidonda na kumpikia chakula cha mgonjwa wa sukari, naye akakisusia. Mvua zilipoanza, mguu ulikatwa chini ya goti.

Majirani wakasema laiti angemsikiliza dada yake mwenye akili. Dada akazipokea sifa hizo huku kichwa kikimgonga na usingizi umempaa. Asubuhi moja alianguka kazini, pasi mkononi. Daktari yuleyule akampima presha, akarudia kupima.

"Mama, tangu mguu wa kaka yako ukatwe, umewahi kulia?"

"Ningelia, mguu ungeota?"

"Sijaulizia mguu. Nakuulizia wewe."

Jioni alimkuta kaka yake kwenye kiti, sahani haijaguswa. Kitu kikakatika ndani yake.

"Nimechoka! Nimechoka na wewe, na kidonda chako, na kununa kwako! Nilikwambia kidole, kidole tu!"

Akaketi sakafuni, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Kaka yake alimtazama kana kwamba hamjui.

"Niliogopa, dada," akasema mwishowe. "Ile hasira ilikuwa woga mtupu. Wewe hukuogopa?"

"Niliogopa sana."

Presha haikuondoka. Dada anameza vidonge, kaka anajichoma sindano zake, na wote wawili wamezeeka kuliko miaka yao. Bado kuna siku kaka anasusia chakula. Siku hizi dada habembelezi. Anafunika sahani, anaingia chumbani kwake, anajilaza na viatu miguuni.