Wembe wa Nyumba Moja

Kwa miaka thelathini Abbasi alikuwa mpiga chuku wa Ng'ambo, mjini Tabora, na alijisifia usafi. Alimchanja mtu mgongoni, akabandika pembe ya ng'ombe, akainyonya mpaka damu mbaya itoke. Kila kaya ilikuwa na wembe wake, umefungwa kitambaa chenye jina la mwenye nyumba, na wembe wa jirani hakuugusa. Lakini baba, mama na wajukuu wa kaya moja walichanjwa kwa wembe huohuo. Damu yao ni moja, alisema. Mke ana damu ya kwao, ila hilo hakuna aliyeliuliza.

Wataalamu walipokuja kupima homa ya ini, Abbasi na mkewe Najiat walikutwa na virusi vya aina ya C. Daktari aliwaeleza kuwa kuna utafiti: dawa mpya inalinganishwa na ile inayotumika sasa, wiki kumi na mbili, bila malipo, na anayetaka kujitoa hazuiwi. Nje ya utafiti, dawa ni ya kununua, na wao hawakuwa na uwezo huo. Aliwapa wiki moja ya kufikiri.

Najiat alitaka kusaini siku ileile. Abbasi alikataa. Alisema fomu inauliza habari za nyembe, na mke na mume wakionekana pamoja kwenye benchi la kliniki, mji mzima utajua ugonjwa umetoka wapi.

"Baba Adinani, mimi nataka kuishi," Najiat alisema.

"Ishi nyumbani. Ukienda kule, usirudi hapa."

Najiat alitii. Nimefundishwa kusifu utii wa mke, na mara nyingi nausifu, huu siusifu. Tumbo lilianza kujaa maji, macho yakawa manjano. Abbasi alimchemshia mizizi na kumwambia asubiri.

Baada ya miezi mitatu Najiat alichoka kusubiri. Asubuhi moja, mume akiwa ametoka, alikodi bajaji mpaka kliniki. Alimkuta Abbasi kwenye benchi, kadi ya utafiti mkononi, anasubiri kuchukua dozi yake ya mwisho. Rangi yake ilikuwa nzuri.

Muuguzi alimwambia Najiat kwa upole kwamba uandikishaji umefungwa, na hata ungekuwa wazi, utafiti ule haupokei ini lililofika hapo.

Najiat alimgeukia mumewe. "Kalamu ulikuwa nayo mkononi. Mimi hukunikumbuka?"

"Nilikukumbuka, mama Adinani," Abbasi alisema. "Wawili tungeonekana. Mmoja angeweza kujificha."

Hakuomba radhi. Alisimama kwa kuwa jina lake lilikuwa limeitwa.

Najiat hakurudi nyumbani. Alipita kaya kwa kaya akiwaambia wateja wa mumewe wakapime, na wasichanjwe tena kwa wembe wa pamoja. Wengine walimsikiliza wakiwa wamesimama mlangoni, bila kumkaribisha. Yahaya fundi cherehani, ambaye familia yake ya watu tisa ilikuwa na wembe wake kwa Abbasi, alicheka.

"Shemeji, ini limekupanda kichwani. Mwenzio amepona, wewe unamwonea wivu."

Najiat alizikwa kabla ya mfungo. Yahaya alibeba jeneza, na Ijumaa iliyofuata alikwenda kwa Abbasi kuumikwa, kupigwa chuku kwa wembe uleule. Katika nyumba zote alizopita Najiat, sijasikia hata mtu mmoja aliyekwenda kupima.